Mtamba Aitwaye Nonili

Gitting, Hanang
11 Februari 2024

Mpwa wangu Hilda,

Marahaba. Najua ulipoona mwandiko wangu umeshasema shikamoo huko huko uliko, kwa hiyo tusipoteze karatasi. Sisi huku wazima. Mama Tito mzima, ng'ombe wazima, mlima uko palepale, nimeuangalia asubuhi.

Simu yangu iliingia kwenye pipa la maji nikiwa naongea na mteja. Ilipotoka haikuwa na la kusema tena. Ya Mama Tito anaiwasha Jumapili tu baada ya ibada, anasema siku nyingine inakula chaji bure. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu afisa wa forodha pale Tunduma aliwahi kuusifia mbele za watu.

Nina jambo la biashara, na ni la sayansi pia. Tangu yale matope yaliyoporomoka mlimani Katesh mwezi Desemba, kila nyumba huku inataka iwe na maji yake uani. Mimi nilishaona mbali kabla yao, kama kawaida yangu. Naenda huko Arusha kwenu, kuna mtu ananiuzia mapipa ya bluu yaliyotoka viwandani, nakuja nayo juu ya lori. Mengine yalibeba juisi nzito ya maembe, mengine zeituni, mengine sabuni, mengine hata mimi niliyevuka mipaka sita sijui yalibeba nini. Siyauzi hivi hivi. Nayasugua kwa mchanga na majivu, nayafukiza moshi kama mama zetu walivyofukiza vibuyu vya maziwa, nang'oa zile lebo zenye fuvu maana zinafukuza wateja, halafu naingiza kichwa changu mwenyewe ndani na kunusa. Pua hii, nilipokuwa kwenye malori, ilikuwa inajua dizeli iliyochakachuliwa kabla dereva hajafungua tangi. Pipa likipita puani kwangu, limepita.

Sasa kuna fundi bati mmoja huko Balangdalalu, anauza matangi ya bati yanayovuja, ameanza kutangaza kwamba mapipa yangu yana sumu. Nikakukumbuka wewe. Dada yako Verediana aliniambia kazi yako hapo chuoni ni kupima kemikali za viwandani kwa kompyuta, kuona kama zinavuruga homoni za watu. Basi konda wa basi atakuletea chupa ya maji ya pipa mojawapo. Mimina kwenye hiyo kompyuta, itoe majibu, unipe karatasi yenye mhuri iliyoandikwa IMEPITA. Nitaibandika ukutani, fundi bati aje aisome.

Kwangu mimi maji ndiyo matamu. Chai ya Mama Tito siku hizi inakuja na povu juu kama ile kahawa ya hoteli za Nairobi, na wala hajatia kitu.

Dada yako anaendelea vizuri, mimba ina miezi mitatu. Ile ya mwaka jana haikufika, lakini hii tunaiombea kanisa zima. Pipa la kwanza kabisa nililoleta kutoka Arusha nilimpa yeye siku ya harusi yake, bure, zawadi ya mjomba. Wengine walileta sufuria.

Mjomba wako,
Agustino Margwe


Arusha
20 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Chupa imefika ikiwa nusu. Konda anasema alidhani ni gongo, akaonja.

Naomba usinicheke. Kompyuta yangu haina mahali pa kumimina. Haina pua wala ulimi. Inachojua ni umbo la kemikali, na umbo hilo nalichora mimi kutokana na jina.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwilini kuna milango ambayo homoni huingia na kutoa amri: mtoto akue, titi lijae, mimba ishike. Baadhi ya kemikali za viwandani zina umbo linalofanana na homoni, hasa zile za kike, na mlango unazifungulia bila kujua. Kemikali ziko maelfu, na hakuna maabara inayoweza kuzijaribu zote kwa panya. Kwa hiyo tunaipa kompyuta michoro, nayo inakisia ipi ingeweza kupita mlangoni, ili za kupimwa kwanza maabara zijulikane. Majibu yake ni matatu: inashukiwa, haishukiwi, haijulikani. IMEPITA haimo.

Kwa hiyo sihitaji maji, nahitaji lebo. Bila jina sina la kuchora.

Kwa mtu mzima, kiasi kidogo huenda kisionyeshe kitu. Kwa mtoto aliye tumboni ni tofauti, maana amri nyingi zinatolewa wakati huo. Pipa la Verediana lilikuwa na nini?

Mpwa wako,
Hilda Akonaay


Gitting
3 Machi 2024

Hilda mama,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Mama Tito na wageni wawili. Wamekubali kwamba umesoma. Jambo lenyewe nimelielewa kuliko wao: ni kama fahali wa jirani anayeingia zizini kwako jioni, rangi moja na wako, pembe moja na wako, mtoto anamfungulia. Asubuhi unashangaa ndama wamezaliwa na masikio ya nani. Kama ndivyo, basi mimi na kompyuta yako tumesoma shule moja.

Lebo sina. Nikishang'oa nachoma. Nani anaweka takataka ya karatasi yenye fuvu ndani ya nyumba?

Ila la Verediana nalikumbuka, maana lilikuwa la kwanza. Siku nilipolileta, ng'ombe wangu mweusi alikuwa anazaa, na mimi nimeshika ile lebo mkononi nasubiri. Akatoka ndama jike safi, mweusi, na doa kwenye paji. Nikaangalia lebo, nikaona neno refu la kupendeza, limeanzia NONYL na kuendelea mbele kama treni. Nikasema hili ni jina la malkia. Nikamwita Nonili. Sasa ni mtamba, ukimwita kutoka barabarani anakuja. Majirani wanadhani ni jina la mwanamke niliyemwacha Lubumbashi, na mimi siwakatazi.

Jina ndilo hilo. Chora.

Mjomba wako,
Agustino Margwe


Arusha
9 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sikuhitaji kuchora.

Kila tunapoanza kazi, kabla ya kuiamini programu, tunaipa kwanza kemikali ambayo majibu yake yanajulikana tangu zamani, kuona kama iko macho. Moja tunayoitumia ni nonilifenoli. Ni ya jamii ya vitu vya kutengenezea sabuni za viwandani, za kuoshea nyuzi na ngozi. Programu isipoishuku hiyo, tunajua imeharibika.

Sasa nisikilize vizuri. Sijui ndani ya lile pipa ilikuwa yenyewe au ndugu yake. Sijui kilichobaki ni kiasi gani. Najua kwamba plastiki hunywa kilichowekwa ndani yake na kukitema polepole, hata baada ya mchanga na moshi. Dalili yake mara nyingi ni povu. Na sisemi kwamba pipa ndilo lililoondoa mimba ya mwaka jana. Hakuna programu inayoweza kusema hivyo, na mimi sitasema.

Ila liondoe pale. Mapema. Na usimweleze Verediana sababu mpaka ajifungue. Akijua sasa ataanza kuhesabu kila kikombe alichokunywa, na hilo halimsaidii yeye wala mtoto.

Hilda


Gitting
24 Machi 2024

Hilda mama,

Imekwisha. Lakini ngoja nikuambie, maana mtu mwingine asingeiweza.

Wewe umezaliwa Nambis, ila umekaa sana na kompyuta. Umesahau kwamba kwetu mjomba hachukui alichompa mtoto wa dada yake. Akichukua, ni laana. Na kwa mwanamke mwenye mimba, aliyepoteza moja? Siku ile ile bibi zake mumewe Emanuel wangefika kuuliza dada yako amenikosea nini, na mtoto akizaliwa na kikohozi tu, ni mimi. Nikakaa nyumbani nikafikiri mpaka chai ikapoa. Povu lake halikupoa, lilikaa tu juu.

Kunyang'anya sikuweza. Lakini kubadilishana, nani anakataza? Nikamfunga kamba Nonili, nikatembea naye hadi Balangdalalu. Nilifika saa za mchana, Emanuel yuko shambani, Verediana anapepeta maharage. Akashangaa kuniona bila lori. Nikamwambia nimekuja kubadilishana: mtamba abaki, pipa liondoke.

Akauliza pipa la nini. Nikamwambia nalitamani, ni la kwanza, lina historia. Akaniangalia, tumbo lake limetangulia mbele, akasema, "Mjomba, mtu habadilishi ng'ombe kwa plastiki."

Nikamwambia huko Zambia wanabadilisha kila siku.

Akalimwaga, akanipa. Nikaliviringisha mpaka nje ya boma, na nilipofika korongoni, mbali na macho, nikalikata kwa msumeno vipande viwili, kisha vinne, nikavizika. Nonili alinililia kutoka zizini kwao mpaka nilipopinda. Ni ng'ombe tu. Wengine wapo, ingawa hakuna anayeitika jina kama yeye.

Verediana amepata maji ya mvua kwenye ndoo za chuma, nimehakikisha. Sasa lala.

Mjomba wako,
Agustino Margwe


Balangdalalu
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Hilda,

Habari za huko. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu Emanuel akisikia atacheka, na mimi sitaki kucheka.

Mjomba ana nini? Alikuja na Nonili, yule mtamba anayemsifia kuliko watoto wake, akaniachia, akaomba lile pipa la maji. Akalikumbatia kama mtu aliyekuta kitu kilichopotea. Watoto waliochunga ng'ombe wakasema wamemkuta korongoni anakata pipa kwa msumeno na jasho linamtoka. Nimeogopa. Mtu anayeanza kugawa vitu anavyovipenda, wazee wanasema ameshaona siku yake. Ameumwa? Umesikia kama alikwenda hospitali? Amekuandikia?

Kitu kingine kinachonisumbua, na hiki usimwambie. Lile pipa alilokata hata halikuwa langu. La kwangu, la harusi, lilikuwa na tabia ya kutoa povu, na harufu ya sabuni kwa mbali. Nilipopata mimba hii Mama Tito alikuja kunitazama Januari, akanusa, akasema hapana, mwenye mimba asinywe hapa. Tukabadilishana. Yeye akaniletea la kwao, lililokuwa la juisi ya maembe, hata nzi walikuwa wanalipenda, na la kwangu akalipeleka Gitting kwenye gari la mahindi. Akasema kwao hakuna atakayejua, maana mjomba tangu aanze ugoro hasikii harufu hata ya mbuzi aliyekufa, na hilo povu atalipenda. Yote ni ya bluu, hakuna lebo, nani atatofautisha?

Tulimficha kwa sababu lilikuwa zawadi yake. Angejisikia vibaya, na kuhusu pua yake ndiyo kabisa.

Mtoto anacheza vizuri. Nonili anakula.

Dada yako,
Verediana


Arusha
5 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimemkabidhi dereva mkononi, siyo konda.

Acha kunywa maji ya pipa lililoko nyumbani kwako. Leo. Mwambie na Mama Tito. Pipa ulilozika lilikuwa la maembe. Lile la Nonili liko uani kwako tangu mwezi wa kwanza, Mama Tito alibadilishana na Verediana. Walikuficha kwa heshima, usiwagombeze.

Povu la chai ndilo lenyewe. Uliniandikia Februari nami nikalisoma kama utani wako mwingine. Kosa hilo ni langu.

Nendeni hospitali mkaangaliwe. Sidhani mtaambiwa mna tatizo, lakini nendeni.

Hilda


Arusha
17 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Mama Tito alipiga Jumapili, akasema mko wazima na kwamba hukai nyumbani. Hakusema uko wapi, akasema nikuulize wewe.

Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika.

Hilda


Gitting
19 Agosti 2024

Hilda mama,

Marahaba zote mbili. Sikukasirika. Mimi nimewahi kulala Kasumbalesa siku nisizozihesabu kwenye foleni ya malori na sikukasirika, itakuwa pipa?

Barua yako ya Aprili ilinikuta na kikombe mkononi. Nilisoma mpaka mwisho, nikaangalia kikombe, povu linaniangalia. Nikamwita Mama Tito. Nikamuuliza, "Wewe ulijua?" Akasema alijua lina povu, ila hakujua povu lina jina. Akasema na yeye alikuwa anakunywa. Nikamwaga chai kwenye migomba, halafu nikafikiri, nikaenda kuuliza migomba kama haina homoni.

Hospitali tulikwenda. Daktari kijana, ametoka Mara, anaitwa Mwita, alinisikiliza kwa adabu. Nikamwambia nimekunywa homoni ya kike miezi mitatu, aangalie kama kuna kilichopungua au kuongezeka. Akasema sina tatizo analoweza kuliona. Mama Tito akamwambia asihangaike, kilichopungua kilipungua zamani, na ni pua. Chumba kizima kilicheka. Hata mimi.

Ukimya wangu ulikuwa wa barabarani. Nilikaa nikajiuliza, kama la Nonili lilirudi kwangu bila mimi kujua, je, hayo mengine niliyouza na lebo zake nimechoma? Sina jina hata moja la kukuletea uchore. Basi nikaanza kuzunguka. Gitting yote, Balangdalalu, nikavuka hadi Nambis kwenu. Naingia uani, naomba maji kwenye bakuli, nayakoroga kwa mkono, naangalia kama yana povu. Lenye povu nalinunua nalikata. Lisilo na povu namwambia mwenye nyumba ukweli: tumia kwa kuogea na mifugo, ya kunywa weka kwingine, mimi sijui lilibeba nini. Wengine walinishukuru. Wengi waliniuliza kama fundi bati amenilipa. Mwalimu Kissa wa pale shule alikataa kabisa, akasema pipa langu ndilo zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nalo, nikalibeba kwa nguvu. Kumbe kusema "sijui" ni kazi ngumu hivyo, mama. Wewe unaisema kila siku na unalipwa.

Siku hizi naleta mapipa bado, lakini siondoi lebo. Fuvu likae hapo hapo, mteja alione mwenyewe, nami nimueleze kwamba lenye fuvu sipunguzi bei, simuuzii tu. Biashara imelegea. Fundi bati ananunua gari.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Dada yako amejifungua Jumanne, mtoto wa kike, mzito, ana sauti ya konda. Juzi tulikwenda mimi na Mama Tito. Nonili alinisikia kutoka mbali akaja mpaka kwenye boma, akaweka kichwa begani kwangu mbele ya wakwe. Sikulia. Kulikuwa na vumbi.

Verediana alikuwa ameshaambiwa yote na Mama Tito. Alinigombeza kwa kumficha, kisha akanigombeza kwa kukata pipa zuri la maembe. Kuhusu ile mimba ya mwaka jana hakuniuliza. Aliniangalia tu, na mimi nikamwangalia, na tukaacha hapo. Kama angeuliza ningempa jibu lako la tatu. Andika na mimi humo humo kwenye kompyuta, Agustino Margwe, haijulikani.

Halafu wakaniletea mtoto nimbariki, kama mjomba anavyofanya. Emanuel akanipa kikombe cha maji nitie mdomoni nimpulizie. Nyumba imejaa watu, wananisubiri. Nikasimama na kile kikombe.

Nikauliza, "Maji haya yametoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Verediana akasema ya mvua, mjomba, kwenye ndoo ya chuma. Nikayainua nikayanusa, kwa mazoea tu. Kisha nikampa kikombe Mama Tito. Akanusa yeye. Akanusa tena, hana haraka, watu wanasubiri, mtoto analia.

Akanirudishia.

Ndipo nikambariki.

Mjomba wako,
Agustino Margwe